Viti Vilikuwa Kivulini

Mwende mjukuu wangu,

Uko salama huko Amerika? Huku Kivaa tuko, mbaazi zimeanza kukomaa.

Umeniandikia kwamba mnabishana nani apewe tuzo ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo. Wewe unamtaka beki, na wenzako wanakucheka. Nimesoma nikapandwa na hasira!

Babu yako alikuwa beki wa chuo cha ualimu hapa Machakos. Mchezaji bora alikuwa anapewa jogoo. Siku ya fainali jua lilikuwa kali, kwa hivyo kipindi cha pili walimu wa kuchagua mshindi wakabeba viti, wakaketi kivulini nyuma ya goli la wageni. Sisi wasichana tulibaki juani nyuma ya goli letu, tukamwona babu yako akizuia mipira kwa kifua, kwa magoti, hata kwa uso. Tulishinda bao moja. Jogoo akapewa aliyefunga.

Nikawauliza wale walimu, “Kwani nyinyi mliketi wapi?”

Mmoja akanijibu, “Msichana, wewe unajua nini kuhusu mpira?”

Babu yako ananiambia niachane na hayo maneno, jogoo alishaliwa zamani. Siachi! Hao wanaokucheka, waulize waliketi wapi. Na wewe usitoke hapo juani.

Ni mimi susu wako