Jina Langu kwenye Kadi ya Tum

Jumapili, 10 Machi

Joto la kuua! Tangu asubuhi niko na fomu ya kodi kwenye simu. Imekubali kila kitu, ila wanataka picha ya kadi ya ulemavu ya Tum, mbele na nyuma. Punguzo anapewa mlezi ambaye jina lake liko kwenye kadi. Kadi moja, mlezi mmoja. Jina ni langu, kwa hiyo hamna shida.

Nimempigia Dada Buala huko nyumbani Kalasin anitumie picha. Akasema sawa, ngoja amalize kumwogesha. Nilisikia maji, nikamsikia Tum akicheka. Mdogo wetu ana miaka thelathini na moja, na akimwagiwa maji kichwani bado anacheka vile vile.

Jumatano, 13 Machi

Picha imefika. Na ujumbe wa sauti, mrefu.

Kumbe Dada alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba mkopo wa walezi wa walemavu, ule usio na riba. Anataka banda la kuku wa kuchoma pale mbele ya nyumba, aache vibarua vya miwa, Tum asibaki peke yake mchana kutwa. Yule wa dirishani akaangalia kadi, akamwambia wewe si mlezi, mlezi anaishi Samut Prakan, yaani mimi. Dada anasimulia huku anacheka — “Miaka yote hii, Jiap, kumbe mi jirani tu!”

Nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka. Kikatuni! Sina haya.

Ijumaa, 15 Machi

Sijabonyeza kutuma fomu. Sijalala vizuri pia.

Niandike basi, nani atasoma. Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyemwambia Dada: wewe hulipi kodi, punguzo kwako halina kazi, weka jina langu, karatasi tu hiyo. Hapo sikudanganya. Nikaahidi kila nitakachorudishiwa ni cha Tum. Mwaka wa kwanza nilituma chote, akapata godoro la hewa. Wa pili, nusu. Wa tatu nikasema nitatuma baadaye. Mwaka jana nikanunua kiyoyozi cha chumba changu, na Dada hakuuliza. Afadhali angeuliza!

Nilimdokezea Rungnapha kazini. Akasema, “We nawe! Kila mtu anafanya. Unadhani mtu wa kodi atakwenda Kalasin kuhesabu nepi?” Nikacheka naye. Halafu nikaenda chooni nikakaa tu.

Jumapili, 17 Machi

Niko nyumbani. Nimemwambia Dada nimekuja tubadilishe jina. Akasema, “Haya,” akaniwekea wali wa kunata na papai bichi la kuponda, pilipili kidogo kwa sababu eti nimeshakuwa mtu wa mjini.

Alipokwenda sokoni nikataka kumgeuza Tum. Nikamshika kwapani, nikavuta. “Si hivyo, si hivyo! Goti kwanza,” anasema, anatoa neno moja moja, jasho linamtoka. Ana kidonda mgongoni, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Sikukijua. Nikamuuliza nepi zinakaa wapi.

Mlezi, mimi. Nauliza nepi zinakaa wapi.

Jumatatu, 18 Machi

Ofisini, kwenye benchi. Wamefunga kwa chakula cha mchana mpaka saa saba.

Ofisa, mama mmoja wa miwani, hakutuuliza sisi. Alimwinamia Tum: “Haya kaka, nyumbani nani anakuhudumia?” Tum akanyoosha shingo. Likatoka jina langu zima, na la ukoo, bila kukwama hata mara moja. Kisha akanigeukia, anatabasamu, anangoja nimsifu.

Ni mimi niliyemfundisha. Mwaka ule wa kadi, mara kumi, mara ishirini, kwa aiskrimu, mpaka likamkaa. Dada alikuwa anaangalia sakafu.

Nikamwambia ofisa kwamba Tum amekosea, si mimi, ni huyu. Akanitazama juu ya miwani. Akanipa karatasi: mlezi aliye kwenye kadi sasa aandike kwa mkono wake nani anamtunza mgonjwa na tangu lini, na asaini kuwa ni kweli.

Tangu lini! Mama alikufa miaka kumi iliyopita, na tangu msiba ule Dada hajawahi kulala nje ya nyumba ile. Nikiandika hivyo, fomu zangu zote nne za kodi ni uongo, na nimejisainia mwenyewe. Dada kaelewa kabla sijasema. “Andika tangu leo,” ananiambia. “Mkopo watanipa tu, hata kama watanichelewesha. Usijitie matatani na watu wa kodi.”

Yaani yeye ndiye ananihurumia mimi. Natamani angenitukana.

Jina lake nimeshaliandika. Nimeandika “tangu”. Basi. Peni imekauka mara mbili, naikwaruza kwenye kiganja. Dada anamlisha, anapuliza kila kijiko, Tum anamwambia asimwagie mchuzi shati la kutokea.

Dirisha limefunguliwa. Ofisa ameita, “Mlezi aje!” Dada kainuka pale pale, kijiko mkononi — halafu kanitazama, kaketi.