Binti Yangu Amenifuta

Jumatatu, 7 Machi
Leo nimefanya usafi! Si wa nyumba — wa kompyuta. Ilikuwa inajikokota, kadi moja ya harusi inafunguka mpaka chai inapoa, na bosi wa duka la kadi ninakofanya kazi anazitaka zote wiki hii. Nimeingia kwenye programu-jalizi ya kivinjari, ile inayoendesha michezo na video, nikakuta rundo la vidakuzi, vijifaili vinavyotunza kumbukumbu za tovuti, vya tangu enzi hizo. Futa vyote! Sasa inapaa. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili.

Jumanne, 8 Machi
Mama amenuna. Vifuniko vya sufuria vinagongana huko jikoni. Nimemuuliza, kasema hana neno. Halafu: jana nilifuta nini? Takataka tu, Mama. Takataka za nani? Akaenda zake chumbani.

Nimempigia simu mama mdogo. Kacheka hadi akakohoa. Kumbe! Nikishatoka kwenda kazini, Mama huketi mbele ya kompyuta yangu akacheza dama na mwanamume anayejiita Nahodha. Miezi sasa! Mchezo wenyewe hauna akaunti wala nywila. Jina la Mama la mchezoni, kete alizozikuza ili azione vizuri, jina la rafiki yake, hata mchezo ulioachwa katikati — vyote vilikuwa ndani ya vidakuzi vile. Nimeona haya. Mama yangu ana siri, na mimi nimeifagia.

Alhamisi, 10 Machi
Nimemwomba Mama radhi. Kasema yamekwisha, ila alikuwa karibu kumfunga Nahodha. Kwa uso ule, hayajaisha.

Fundi wa kompyuta pale dukani kanicheka. Kabla ya kufuta, dada, fungua orodha ya tovuti, tia tiki zile unazotaka zibaki, ndipo ufute nyingine. Rahisi hivyo! Ila kilichokwisha kufutika hakirudi.

Jumamosi, 12 Machi
Tumekaa wawili mbele ya kompyuta. Tumeingia upya. Mchezo unamwita "Mgeni" — kaudhika kweli. Kaniamuru niandike kwenye ubao wa wachezaji wote: "Nahodha, ni mimi, Mama Kete. Binti yangu amenifuta." Nimeandika hivyo hivyo, aibu yangu yote hadharani.

Wamejitokeza akina Nahodha watatu! Mama kacheza na kila mmoja. Wa kwanza ana pupa, kamfukuza. Wa pili — huyu ni mtoto, akafanye kazi za shule. Wa tatu kasogeza kete mbili tatu, kisha kaandika: "Samahani, Mama Kete, nakula hii."

Mama kashika mdomo. Ndiye! Eti huomba radhi kila anapokula kete. Kacheka mpaka machozi, na mimi pia, sijui hata kwa nini. Nimefurahi mno. Jioni hii sufuria zimetulia.

Jumatatu, 21 Machi
Kompyuta inajikokota tena. Bosi anafoka kwenye simu, lazima nifute leo. Mara hii kwa adabu: nimemketisha Mama kitini, nikamsomea orodha. Dama? Tiki. Tovuti ya maandishi ya kadi? Tiki. Mapishi? Futa, kasema, kupika najua.

Nimepeleka mkono kubonyeza. Subiri! Ipo nyingine, chini kabisa. Ipi, Mama? Kaninyang'anya kipanya, kateremsha orodha mwenyewe, katia tiki.

Tovuti ya tiketi za treni. Nimeifungua. Imehifadhi kila alichochagua: mji ambao hatuna ndugu hata mmoja, kiti cha dirishani, Jumamosi hii. Bado kuthibitisha tu. Nimemuuliza anakwenda kwa nani. Kasema nisijitie ujinga.

Nimetazama tena. Viti viwili! Nahodha anakuja kukuchukua? Kanikata jicho. Kwani nadhani yeye ni mwanamke wa kumfuata peke yake mwanamume asiyemjua?

Kiti cha pili ni changu. Jumamosi nina kazi dukani, na hakuniuliza. Kaenda kupiga pasi gauni la buluu. Naandika huku orodha iko wazi mbele yangu, sijabonyeza. Nimezikagua tiki, nimezikagua tena, naogopa kidole changu mwenyewe. Na Mama kila mara anaita kutoka chumbani, sauti ndogo ambayo siijui kwake: mwanangu, bado ipo?