Nimeacha Unyapara, Mtani Wangu

Mtani wangu Komba,

Mngoni wewe, umekufa na bado unanisumbua. Nakuandikia nikiwa kwetu Rondo, asubuhi, na nacheka peke yangu kwa furaha, si kwa uzee, usianze.

Nimeacha unyapara wa mkonge. Wewe ndiye uliyeniachisha, na wala hujui.

Siku tulipokuzika pale kambini, wenzako walinishika wakasema, "Mtani wake ni wewe Mmwera. Tuigizie marehemu, asiondoke kimya kimya." Wakanivisha koti lako lenye tundu kwapani. Ningeigiza nini? Ulichokipenda kuliko vyote ni kuniiga mimi nikiwaamsha watu alfajiri. Basi nikatoka kifua mbele, nikakunja uso, nikapaza ile sauti yako ya kuniiga: "Amkeni, mizigo nyie! Mkonge haukatwi kwa ndoto!" Wafiwa walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mjane wako alicheka. Nilicheka nao, kisha nikalivua koti, maana niliisikia sauti ile kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilidhani nachukia jua na vumbi. Kumbe nilimchoka yule mnyapara niliyekuwa.

Mwezi ulipoandama nikarudisha filimbi ya kuamshia watu kwa bwana meneja, nikapanda kwetu.

Sasa sikia vituko. Majuma ya kwanza nilikuwa naamka gizani nawakaripia kuku. Mke wangu Somoe akaniuliza, "Baba Zuhura, na mimi niitike nikiitwa jina kama wakata mkonge wako?" Aliyenikalia kooni ni shemeji, ndugu yake Somoe: eti mwanamume mwenye nguvu zake anastaafuje, kustaafu ni kwa makarani wa boma wenye mvi. Na kweli niliogopa, Komba. Shamba halina mshahara. Mvua ikigoma, nani atanunua chumvi na kaniki? Juzi meneja akatuma neno: nirudi, nitapewa unyapara mkuu, dereva wa lori la mbao atanipitia leo.

Jana tukipukuchua mahindi nilimwuliza Somoe anaonaje. Akasema, "Ukitaka kwenda, nenda, mume wangu. Ila huyu aliyerudi nimemzoea. Yule wa kambini akija likizo nilikuwa nangoja aondoke." Iliniuma, halafu ikanifurahisha, sijui vipi. Nikaenda kuzitazama mbaazi zangu. Zimeanza kutoa maua, Mtani. Mimi, mpuliza filimbi, nimeotesha kitu.

Lori limepita sasa hivi. Dereva alipiga honi, akapiga tena, akangoja. Somoe aliacha kutwanga akanitazama. Nikamwambia aendelee kutwanga. Moyo ulinidunda kama wa kijana aliyetoka jandoni, nikataka kucheka na kulia pamoja, na wewe hupo wa kunizomea. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Lori limeshuka Lindi, kwenye mkonge, bila mimi.

Lala salama, Mngoni mwizi wa mbuzi wa babu zangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, nikishavuna nitashuka kambini na mbaazi za kumpa mjane wako, na kaburi lako nitalipalilia mwenyewe. Wakiniuliza pale nimeajiriwa wapi siku hizi, nitawaambia sina kazi, nina shamba.

Mtani wako,
Baba Zuhura