Kabla Ahmednoor Hajafika Rhamu

Habaswein, Jumanne

Dada Mirriam,

Sisi wazima. Upepo umeangusha mnara wa simu, ndiyo maana naandika. Yule mbuzi wangu amezaa pacha.

Ahmednoor, fundi mwenzangu, anakuja kuweka kerneli mpya, ile programu kuu inayoendesha mashine, kwenye kompyuta ya wodi yenu ya wazazi. Usimruhusu. Humo nimeondoa kipengele cha zamani cha kuwashia skrini. Nilikagua programu zote za skrini zilizomo, hakuna iliyokitumia. Nikasahau ile ya skrini yenu, kwa kuwa tuliiandika wenyewe hapa na haimo kati ya hizo. Bila kipengele hicho skrini itabaki giza, nanyi hamtaona mapigo ya moyo wa mtoto.

Ahmednoor hajui. Ila hawezi kupita Wajir bila kulala kwa abti wake, yule mjomba, kwa hiyo huenda lori hili la unga linaloleta barua likamtangulia.

Na kama yeye ndiye ametangulia, dada, ile pembe ya mbao ya kusikilizia tumbo, mliyosema imepitwa na wakati, niambie hamkuitupa.

Nduguyo,
Mwiti