Nguruwe wa Matetini

3 Juni

Binti yangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda mtumbwi. Nimewashikia nafasi ya kambi kando ya matete. Mkitoa kichwa hemani mnaliona ziwa. Mumeo alete ndoano zake, tujue kama ni mvuvi au msimuliaji.

Jambo moja, nawe umelisikia tangu utotoni: matumbo ya samaki ni shimoni, na kufukiwa. Kuna nguruwe pori jike anaishi matetini na wanawe. Sisi walinzi wa hifadhi tunamwita Mama Mkwe, maana hupita, hukagua, huondoka bila kuaga. Mwacheni apite. Mnyama wa pori akizoea kulishwa na watu, amekwisha.

Baba yako


21 Juni

Shikamoo baba,

Tumerudi salama, ahsante sana. Pole kwamba zamu ilikupeleka ng'ambo ya ziwa, tukakuona siku ya kwanza tu. Mume wangu alivua mpaka wenzake kazini wamechoka kumsikiliza.

Mama Mkwe naye alitutembelea. Mjukuu wako alimrushia matumbo ya samaki, na kufikia siku ya mwisho nguruwe alikuwa anakula miguuni petu, mpole kabisa. Usinune, baba, nilikuwa palepale nikiangalia. Bosi wa mume wangu ameziona picha, sasa anataka tumlete na familia yake likizo ya Septemba. Tushikie nafasi ileile.

Binti yako


9 Julai

Binti yangu,

Natumaini mko wazima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Mama Mkwe hapiti tena, anakuja kukaa. Jioni hulala pale lilipokuwa hema lenu, akisubiri. Juzi alipasua hema la wageni akitafuta samaki, na mzee mmoja akaanguka akimkimbia, akavunjika mkono. Msimamizi anaamini amekuwa mkali tu, kwa hiyo ameamuru apigwe risasi mwisho wa mwezi.

Utaratibu wetu unaujua. Mgeni akikiri kwamba yeye ndiye aliyemlisha, mnyama huachwa, kambi hufungwa msimu mmoja mpaka asahau. Mgeni naye hazuru hifadhi mwaka mzima. Basi. Barua yako ninayo, ningeweza kumwonyesha msimamizi, lakini siwezi kumchongea mwanangu. Sema mwenyewe. Mistari miwili inatosha.

Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Baba yako


4 Agosti

Shikamoo baba,

Goti linaendeleaje? Samahani kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Nilizungumza na mume wangu. Anasema nikikiri tutazuiwa, na bosi wake ameshanunua mahema. Suala la cheo chake linaiva, baba, nielewe. Na tuseme ukweli, yule ni nguruwe tu, matete yamejaa nguruwe. Zungumza na msimamizi wewe, mmefanya kazi pamoja miaka mingi.

Mjukuu wako anamsalimia Mama Mkwe. Anauliza, wanawe wameshakua?

Binti yako


12 Agosti

Binti,

Sikuulizi hali, naona mambo yenu yananyooka.

Mwisho wa Julai ulifika kabla ya barua yako, nikaomba nimpige mimi. Wenzangu walishangaa, kwa sababu tangu niajiriwe sijawahi kuua mnyama. Lakini wao angewakimbia, wangemjeruhi, akafie matetini kwa taabu. Mimi nilikwenda na ndoo ya samaki. Aliposikia mlio wa ndoo akaja mwenyewe, mbio, mkia juu. Alikula kwanza. Nilimwacha ale, nikijidanganya kwamba namngoja amalize.

Barua yako ya Juni ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuitoa. Wanasema damu nzito kuliko maji. Ni kweli, na siku ile niliichukia.

Nafasi yenu ya Septemba ipo, kando ya matete kama mlivyotaka. Bosi atapapenda, ni pazuri. Mimi nimeomba zamu ya ng'ambo wiki hiyo, msinitafute.

Mwambie mjukuu wangu kwamba wana wa Mama Mkwe bado wadogo. Wanazunguka kambini wakinusa ardhi pale alipoangukia. Akiuliza mama yao yuko wapi, mjibu wewe.

Baba yako