Ukiliwasha Dude, Ni Lako

Ilala, Dar es Salaam
4 Juni 1995

Mdogo wangu Aneth,

Pokea salamu nyingi kama nzi wa buchani. Mimi mzima, shavu limejaa, viatu vinameta. Hofu ni kwenu huko Mkiwa. Mama anaendeleaje na mguu?

Barua yako imeniharibia chai. Eti dude langu limekufa! Aneth, mimi nimekuwa mpishi wa meli. Nimekanyaga Bombei, nimekanyaga Ugiriki, kuna mwanamke kule analia mpaka leo. Pikipiki ile ya silinda mbili, ya kuketi umejinyoosha kama mkuu wa mkoa, nilikuachia mwaka jana inanguruma. Wewe umeifanya kiota cha kuku. Naja Krismasi kulichukua dude langu, nilitengeneze, nilizungushe Ilala watu wanijue. Wewe rudi kwenye masufuria.

Au litengeneze mwenyewe! Nacheka mpaka mbavu zinauma. Ukiliwasha, likaenda Singida mjini na kurudi, ni lako. Msomee mama awe shahidi.

Ni mimi kaka yako,
Gasto

Mkiwa
25 Juni 1995

Kaka Gasto,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama amekaa hapa ananitazama. Sisi wazima. Mguu wake ulipona zamani, ungekuwa unauliza ungejua.

Hakuna kuku aliyelala juu ya dude lako. Nimelifunika turubai, kazi ambayo hukuifanya hata kwa paa la mama. Ulipoondoka lilitembea majuma mawili, likakaza. Nikikanyaga gia na kusukuma, gurudumu linaburuzika tu. Nimekuandikia barua tatu, umejibu hii. Stendi nzima inasema, "Aneth kaua pikipiki la baharia." Mwaka mzima nameza.

Na nalitaka. Sasa biashara ni huria, wachuuzi wa kuku wa Dar wanatangulia na magari yao vijijini Ikungi, mimi nafika kwa miguu nakuta manyoya. Nikipata magurudumu hao kuku ni wangu. Mama amecheka, amesema ameshuhudia. Haya, nianzie wapi?

Dada yako mdogo,
Aneth

Ilala
12 Julai 1995

Fundi Aneth,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili na akili, sijui wewe.

Anza na oili. Chini ya injini kuna boliti kubwa. Lala chali, sogeza uso karibu kabisa uone vizuri, kisha ifungue yote kwa mara moja. Ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya. Ukimaliza niandikie, kama macho yatakuwa yanaona.

Kaka yako aliyeona dunia,
Gasto

Mkiwa
20 Agosti 1995

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, mimi nakusalimia tu.

Nililala chali kama ulivyosema. Najua ulitaka inimwagikie usoni, mshenzi wewe. Boliti ikatoka. Nikangoja. Halikudondoka hata tone! Nikachokonoa kwa kijiti, kikaja kitu kizito kinavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Nikakinusa. Kaka, injini yako inanuka maandazi.

Nikampelekea mama. Hakuuliza mara mbili: "Hii alizeti."

Sasa nakumbuka. Siku unaondoka ulishinda kwa Melkiori, kwenye mashine yake ya kukamua, unawasimulia watu habari za Ulaya. Ukarudi na dumu, ukasema, "Nimelifanyia sevisi mwenyewe." Nani kaua pikipiki, Gasto?

Aneth

Ilala
3 Septemba 1995

We Aneth,

Salamu mpe mama. Mimi sijambo, ila nimekasirika.

Nani alikuambia unuse injini? Sikiliza, mwanafunzi. Bombei niliona kwa macho yangu mashindano ya pikipiki. Wale hawatii oili ya dukani, wanatia mafuta ya mbegu za mbarika, hizo nyonyo. Nikajisemea, mbegu ni mbegu, na Singida kwa alizeti nani atatushinda? Kama imeganda, ni alizeti ya Melkiori haikuchujwa.

Haya, fanya hivi. Toa plagi zote mbili, mimina mafuta ya taa kwenye matundu yake, uache wiki nzima. Kisha tia gia ya mwisho, lisukume mbele na nyuma taratibu, kama unabembeleza mtoto. Ukishika nyundo nakulaani. Likilegea, tia dizeli chini kwenye oili, ligeuze kwa mkono, mwaga. Rudia mpaka itoke safi. Kwenye basi nimempa kondakta kifurushi: makopo mawili ya oili halali, plagi mpya na spana yake. Si zawadi. Nalihurumia dude.

Na stendi usiseme kitu.

Kaka yako

Mkiwa
29 Oktoba 1995

Kaka Gasto,

Shikamoo, na hii ni ya kweli. Kifurushi kilifika.

Siku ya kumi na moja gurudumu liligeuka kama upana wa kidole. Nikapiga kelele, mama akadhani nyoka. Nimeliosha tumbo mara nne. Likawaka! Lilitoa moshi wa maandazi, mbwa wakanifuata mpaka njia panda.

Alhamisi nimekwenda Singida, nikanywa chai kwa shangazi Felista pale Mandewa, nikarudi. Ni langu. Leta kadi ya umiliki.

Dada yako,
Aneth

Ilala
20 Novemba 1995

Aneth,

Natumaini wote wazima. Ule ulikuwa utani. Umewahi kuona mtu anagawa pikipiki kwa barua? Nimeshawaambia watu hapa Ilala kwamba linakuja. Tarehe 23 Desemba niko Mkiwa. Andaa funguo.

Gasto

Mkiwa
5 Desemba 1995

Gasto,

Sisi wazima. Njoo. Funguo utazichukulia stendi, mchana, watu wakiwa wamejaa, ukishawaambia nani aliweka alizeti. Mimi sijamwambia mtu. Nimelibeba jina la muuaji wa pikipiki kwa ajili yako.

Aneth

Ilala
28 Desemba 1995

Mdogo wangu Aneth,

Habari za sikukuu? Mama alipata nyama? Mimi mzima, mgongo tu umevunjwa na basi. Maana nilikuja.

Tumetoka Manyoni, vumbi tupu, mara kitu kinanguruma nyuma. Sauti yake naijua hata usingizini. Ukatupita na matenga mawili ya kuku, kilemba kimefungwa mpaka puani. Basi zima likashangilia. Mama mmoja akasema, "Huyo Aneth. Aliliua pikipiki la kaka yake, sasa kalifufua."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Hakuliua yeye. Kaka yake alitia mafuta ya alizeti kwenye injini."

Wakaangua kicheko mpaka dereva akapunguza mwendo. "Wewe umejuaje?"

"Namfahamu sana," nikasema. "Bonge la mpumbavu, ila ana sauti nzuri."

Mkiwa kondakta aliita, sikushuka. Ningeshuka ningekunyang'anya, najijua. Nililala Singida, asubuhi nikageuza.

Ndani ya bahasha kuna kadi, nimesaini. Ilala nimewaambia dude limezama na meli.

Lakini umetupita kushoto, Aneth. Kushoto, tena kwenye kona! Nani kakufundisha, we kichaa? Siku nyingine pita kulia.

Ni mimi kaka yako,
Gasto