Shimo Jeusi Limenigombanisha na Qaidjohar

Bi Khairat, nakuandikia kwa mkono wa binti yangu Laila, maana wangu hautulii tena, na nahitaji shauri lako kabla sijafa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na rafiki yangu wa tangu utotoni ni Qaidjohar, muuza vitambaa wa Wete, ambaye mwaka jana alisema dukani kwake, mbele ya wateja, kuwa shimo jeusi la angani linafyonza kila kitu na jua likigeuka shimo jeusi dunia itamezwa, nami nikamweleza kuwa jua ni dogo mno kufikia hapo, na hata lingewekwa shimo lenye uzito uleule mahali pake, dunia ingeendelea kulizunguka vilevile, ila gizani na kwa baridi, na kwamba katikati ya shimo pana nukta moja tu iliyosongamana bila kikomo, akaniuliza, "Umeiona?", nikamjibu, "Baki na vitambaa vyako, mambo ya mbingu tuachie tuliosoma," watu wakacheka, ilhali yeye aliacha shule utotoni ili amsaidie baba yake.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na Laila alipokwenda kumbembeleza, Qaidjohar alimwambia, "Akubali kuwa shimo linafyonza, nitakuja." Nakiri kwako nisilomkiria mtu: natamani kumwona kuliko dawa, lakini siwezi kuomba radhi kwa uongo. Nifanyeje?

Mzee Ngwali, Gando

Mzee Ngwali, shikamoo. Nakuonea huruma, na kwa idhini yako nitakugombeza. Qaidjohar hakukasirikia jua. Ulimvunjia heshima dukani mwake, na hilo la kufyonza analishika ili asiseme kuwa ameumia. Omba radhi kwa dharau yako. Hapo hapana uongo.

Kuhusu jua uko sahihi, nimemuuliza mtaalamu. Lakini kanambia pia kuwa hiyo nukta yako hakuna aliyeithibitisha. Hapo ndipo hesabu zetu zinapogoma, na zikigoma msomi husema sijui. Kwa hiyo "Umeiona?" lilikuwa swali zuri kuliko jibu lako. Mwambie hivyo.

Usimtume Laila tena. Leo hii ampigie Qaidjohar simu, akuwekee sikioni, useme mwenyewe: "Nilikudharau mbele ya watu, nisamehe." Usitie "lakini" hata moja. Akianza habari za shimo, mwambie fizikia haijadiliwi kwa simu, aje Gando. Atakuja, Mzee wangu. Naye ana mwaka mzima hana wa kubishana naye.